Mama wa fagio wa Area C na swali lake la neno moja

Mhamiaji

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, humu hakuna siasa wala dili la viwanja.

Mimi ni mtumishi. Nililetwa Dodoma mwishoni mwa 2017 na lile wimbi la kuhamishia Serikali makao makuu, na nilikuja shingo upande. Nimezaliwa Temeke, nimezoea joto la jasho. Huku nikakuta joto linalopasua midomo, vumbi la mwezi wa nane linaloingia hadi kwenye sahani iliyofunikwa, na maji ambayo ukiyachemsha birika linaota ukoko mweupe ndani. Nilikuwa nalalamika kutwa. Nalisema hili mapema ili mjue ni mtu wa aina gani aliyekuwa anasimama pale kituoni.

Mei 2022 nikahamia nyumba ya kupanga Area C. Ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri lazima niwe barabarani kusubiri basi la watumishi. Kila nikifika namkuta mama mmoja anafagia. Umri wa mama yangu mzazi, au zaidi. Mwembamba, kanga kiunoni, rifleta iliyofifia mgongoni, fagio la mpini mrefu. Kwa wasiojua, kufagia barabara Dodoma siyo kuokota makopo. Ni kuhamisha mchanga. Mvua inaushusha kutoka mitaani, jua linaukausha, upepo unaurudisha ulikotoka, na kesho yake mama yuko palepale.

Miezi miwili sikumpa shikamoo. Nilikuwa nasogea pembeni asinirushie vumbi, basi.

Julai mwanangu akalazwa na nimonia. Alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alilala naye wodini, mimi nikakesha kwenye benchi la nje, maana kwenye wodi ya watoto sisi wanaume haturuhusiwi kulala. Niko uhasibu, na Julai ndiyo tunafunga hesabu za mwaka wa fedha, ruhusa ni ya kuomba kwa magoti. Alfajiri nikatoka hospitali kwa miguu hadi kituoni. Baridi ya Julai ya Dodoma mnaijua. Nimesimama pale na shati la jana, natetemeka, nadhani hata midomo ilikuwa inacheza.

Yule mama akaacha kufagia. Akafungua kanga yake ya juu, akaitandika kwenye ukingo wa mtaro, akaipapasa mara moja kuilainisha kama anamwekea mgeni mkeka. Akasema, "Kaa kwanza."

Nikakaa. Yeye akarudi kwenye fagio. Alipofika nilipo akanizunguka, akafagia huku na huku akaacha kiduara cha mchanga miguuni pangu, akaendelea mbele. Hakuniuliza kitu. Basi lilipokuja nikasimama, nikamrudishia kanga, nikamwambia neno moja tu: "Mtoto." Akaitikia, "Ee."

Kesho yake kabla sijafika vizuri akaniuliza: "Kala?"

Sikuelewa. Akarudia, "Mtoto. Kala?"

Wakuu, siku ile nilikuwa nimeshapigiwa simu na watu kama thelathini. Wengine wananiambia nisikate tamaa, wengine wananitumia aya, mmoja ananielekeza dawa ya kienyeji kwa sauti ya dakika saba. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama mtoto kala. Nikamjibu, "Vijiko viwili vya uji." Akasema, "Haya." Kesho yake tena, "Kala?" Nikamwambia hajala. Akanyamaza, akafagia.

Siku ya nne nikamwambia kala nusu chapati, na alikuwa anaitaka ile nusu nyingine. Mama akagonga mpini wa fagio chini mara mbili, ko, ko, akatazama juu kidogo, akasema, "Haya, ahsante." Siyo mimi alikuwa ananiambia. Kisha akanigeukia, "Sogea basi, nimalizie hapo."

Jioni pale Jamatini kuna mhubiri na spika lake, ukishuka kwenye daladala unapokea neno utake usitake. Sina ubaya naye. Ila mimi ile ko, ko ndiyo iliyonifika.

Nitaendelea.

Kisoda

Mkuu nimesoma hadi mwisho nikisubiri mama aokote bahasha ya milioni tano airudishe polisi. Kumbe kauliza tu kama mtoto kala 😂 Haya, endelea, nimekaa.

Mgogo Halisi

Miezi miwili hujampa mama mtu mzima shikamoo, na bado unajiita mtu wa pwani mwenye ustaarabu? Huku kwetu ungeulizwa wewe ni wa ukoo gani. Mbukwenyi wote mliomo humu. Endelea, ila hilo tumeliandika.

Mwenye Kambi

Weka picha.

Mhamiaji

@Mgogo Halisi hilo nalikubali, sina utetezi. Siku ya tano ndipo nilipotoa shikamoo, akanijibu "Marahaba mwanangu" kama vile nimekuwa nikimwamkia miaka yote. Ningefurahi zaidi kama angenisema.

Picha hakuna. Sijamwomba ruhusa, na nikimwomba atakubali kwa heshima tu, hivyo siombi.

Sehemu ya pili. Mtoto akapona, mimi nikaanza kuwahi kituoni dakika kumi kabla ya basi. Ndipo nikaona mambo ambayo yalikuwepo siku zote.

La kwanza ni mti. Mnakumbuka zile hamasa za kuikijanisha Dodoma. Pale karibu na kituo ilipandwa miche kumi na miwili. Kulikuwa na turubai, spika, fulana za kijani na wageni waliomwagilia kwa madumu yaliyofungwa utepe. Mvua za huku ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, zikikatika zimekatika. Hadi Agosti miche kumi na mmoja ilikuwa vijiti. Mmoja, mwarobaini, ulikuwa hai. Nikadhani umebahatika.

Kumbe mama anakuja na kidumu cha lita tano kutoka kwake, Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Ndani ni maji aliyosuuzia vyombo jana usiku. Ametoka nacho kichwani gizani. Akimaliza kipande chake anakimimina polepole, anasubiri yanyonywe, anamimina tena. Nikamuuliza kwa nini huu mmoja. Akasema, "Ndiyo ninaouweza."

Nikamuuliza tena siku nyingine, maana mhasibu akishika jambo haachii. Mama, hakuna mtu amekutuma, hakuna anayehesabu. Hapo ndipo akanisimulia kitu ambacho nadhani wenyeji mnakijua, mimi sikukijua. Kwao ni upande wa Mvumi. Kiangazi, anasema, maji yalikuwa hayako juu, yako chini ya mchanga wa korongo. Mnakwenda wasichana na vibuyu, mnafukua kwa mikono hadi mchanga unalowa, mnasubiri. Maji yanakuja kidogokidogo, unachota kwa kata, kata moja, unasubiri. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Na ukishajaza chako huondoki hivihivi. Unafukua tena kidogo ili wa nyuma yako akute pameanza kujaa, kisha unazungushia miiba ng'ombe wasiingie. "Wa nyuma humjui," akasema. "Anaweza kuwa mbaya wako. Unafukua tu."

Akanyanyua fagio. Yeye kashamaliza habari, mimi ndiye nimebaki nayo.

La pili ni mzee wa Kondoa anayelinda jengo la ng'ambo ya barabara. Mrangi, barakashia haitoki kichwani, rungu lake sijawahi kuliona likishikwa. Ramadhani ya 2023 mama alikuwa anatoka kwake mapema zaidi ili amfikishie mzee uji wa uwele kwenye chupa ya chai kabla ya adhana. Daku. Mzee anaishi peke yake, zamu yake haimruhusu kwenda kupika. Mama huyohuyo ni Mwanglikana wa kuimba nyimbo za Kigogo chini kwa chini huku anafagia. Desemba ikafika, Krismasi alfajiri nawahi basi stendi ya Nanenane kwenda Dar, nikamkuta mzee na barakashia yake katikati ya barabara, fagio mkononi, anafagia kipande cha mama. Nikamwambia mzee vipi tena? Akanijibu, "Leo kaenda kwao. Huu mchanga hausherehekei."

Kisoda

"Huu mchanga hausherehekei" 😂😂 Huyo mzee apewe kiti cha ubunge.

Nesi wa Zamu

Naomba niongeze wangu. Nilifanya kazi hospitali moja ya Kanda ya Kati, siitaji. Palikuwa na mhudumu wa mochwari, Mnyaturu wa Singida, kimya sana. Unajua watu wanavyowafanyia wale. Kantini akikaa meza inabaki yake peke yake, na wengine walikuwa hawampi mkono. Mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nampa karatasi za kusaini kwa ncha za vidole.

Usiku mmoja nilipeleka mwili wa bibi mmoja wa wodini kwetu, tuko wawili tu na mhudumu. Tumefika mlangoni, funguo anazo yeye, mochwari ina watu waliokwisha kufa. Akagonga mlango. Akasema, "Hodi wazee." Akasubiri kidogo, ndiyo akafungua.

Nikadhani anatania, nikacheka. Hakucheka. Tulipomhamisha bibi akamwambia, "Bibi samahani, nakugeuza," akamgeuza taratibu kama anayeogopa kumwamsha. Nilifanya naye kazi miaka mitatu, sikuwahi kumsikia akimtaja mtu aliyelala mle kwa namba tu. Asiye na jina alimwita mzee, mama, au mdogo wangu.

Miili isiyo na ndugu, baada ya taratibu zote, inazikwa na halmashauri. Inakwenda gari, vijana wa kuchimba, na mtu wa afya. Yeye alikuwa anakwenda hata akiwa hayuko zamu, kwa nauli yake. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, "Kuna mahali pa kutupa udongo. Ndugu hayupo, natupa mimi." Hadi leo sijui alikuwa dini gani, na tulikula meza moja. Ndiyo, baadaye nilihamia meza yake.

Mwenye Kambi

Nesi umenimaliza. Ile hodi.

Dumu la Tatu

Wangu siyo mtakatifu hivyo. Miaka ya nyuma nikiwa mwanafunzi nimepanga Nkuhungu, mgao wa maji ukiingia tunategemea jamaa wa mkokoteni. Mgao ukikaza bei ya dumu inapanda kila siku, hilo ni soko, simlaumu mtu. Huyu jamaa naye alikuwa anapandisha, mkali, hakopeshi, ana mdomo mchafu ajabu. Lakini mkokoteni wake ukiingia mtaani anapita mlangoni kwetu bila kusimama hata tukipiga kelele na hela mkononi, anakwenda kwanza kwa bibi wa mwisho wa mtaa. Anamjazia pipa, anarudi kutuuzia yaliyobaki. Nilimgombeza siku moja, mimi ndiye niliyetangulia kukuita bwana! Akaniambia, wewe una miguu.

Bibi alikuwa analipa bei ya kabla ya mgao. Tulikuja kujua kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa anatushangaa tukilalamika bei.

Jembe Butu

Samahanini, mimi nyuzi za namna hii zinanikera kidogo, nitasema. Kila siku tunaandika jinsi mfagiaji alivyo na moyo wa dhahabu, mlinzi alivyo mnyenyekevu, halafu tunafuta machozi tunakwenda kulala. Huyo mama analipwa nini? Ana mkataba? Mkandarasi wake anapeleka michango? Akianguka na kidumu chake gizani akavunjika nyonga, atatibiwa na nani? Wema wake usitumike kama maua ya kufunikia shimo. Maskini akitusemea maneno mazuri tunapona dhamiri, yeye mshahara hauji.

Mgogo Halisi

Jembe leo una makali.

Mhamiaji

@Jembe Butu nimekaa na maneno yako tangu mchana. Uko sahihi, na inaniuma zaidi kwa sababu kazi yangu ni hesabu. Miaka yote hii nimemsikiliza habari za korongo na sikuwahi kumuuliza mshahara. Leo alfajiri nimemuuliza. Mkandarasi wao, simtaji, alikuwa na deni la miezi miwili. Mkataba waliuwekea dole gumba, nakala hawana. Nikamuuliza ulikuwa unakula nini miezi miwili hiyo? Akacheka, akasema, "Leo na wewe umeuliza."

Niseme na hili. Sijaleta habari zake ili zifunike chochote. Nimezileta kwa sababu yeye na fagio lake alikuwa na nafasi ya kuuliza kama mwanangu kala, na mimi mwenye mshahara wa tarehe ishirini na tatu sikuwa nayo. Hayo mawili naona yanakaa pamoja. Lakini la malipo linahitaji mtu anayejua sheria. Nani anazijua humu?

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi hizo miaka mingi, nitasema kwa ufupi.

Anayefagia kwa mkandarasi ni mwajiriwa wa mkandarasi, na ana haki zote za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo siku 28 kwa mwaka. Akiugua, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. NSSF mchango wote ni asilimia 20, na anachokatwa mfanyakazi kisizidi asilimia 10. Akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huo anachangia mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Mshahara usiolipwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wanasubiri ahadi ya "mwezi ujao" hadi siku zinapita. Kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu. Kufungua shauri hakuhitaji wakili, kuna fomu, na akina mama wanaweza kwenda pamoja. Nakala ya mkataba wasipokuwa nayo wasiogope. Sheria inamtaka mwajiri ndiye atunze na aonyeshe maelezo ya maandishi ya ajira, akishindwa mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Na wewe Mhamiaji usiende kuwasemea kwa sauti kubwa hadi wafukuzwe. Wasomee, waamue wenyewe.

Jembe Butu

Karani nakuvulia kofia. Mhamiaji sikuwa na ubaya, bibi yangu alifagia soko la Majengo miaka kumi na tisa.

Dumu la Tatu

Kumbe. Ungeanza na hilo.

Mhamiaji

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu, kisha uzi nauacha.

Niliwasomea. Walikuwa saba, tumekaa chini ya ukuta wa mzee wa Kondoa saa mbili Jumamosi, mzee mwenyewe ndiye katoa viti. Nimesoma maneno ya Karani polepole, mama mmoja kijana akaandika siku kwenye daftari la mtoto. Waliamua kwenda kwanza kwa mkandarasi wote kwa pamoja, wamevaa rifleta zao, na kumwambia siku zilizobaki. Walikwenda bila mimi. Mwezi mmoja umelipwa wiki iliyopita. Mmoja bado, fomu wanayo mkononi na siku wanazihesabu.

Mama wa fagio hakunishukuru kwa maneno. Jumatatu yake aliniletea ubuyu kwenye mfuko, mweupe, wa kwao, siyo ule wa rangi, akasema mpelekee huyo mla chapati. Yupo darasa la kwanza sasa, meno mawili ya mbele hana, ubuyu aliumaliza siku moja akaumwa tumbo.

Nilijaribu kuwa mwema: nikaja na dumu langu la lita kumi, maji ya bomba safi kabisa, nikaumwagilia mti kwa mbwembwe. Mama akanitazama. "Unauzamisha," akasema. Akanichukua mkono akanionyesha: kidogo, subiri, kidogo.

@Mwenye Kambi, picha uliyoomba, ya mti. Mwarobaini umenifika kifuani. Mwezi jana mbuzi waliufikia, wakala majani ya upande mmoja, ndiyo maana umeinama hivyo. Hiyo unayoiona pembeni siyo takataka, ni miiba, mama kaizungushia kama kule korongoni. Imetoka na ukungu kwa sababu niliinama kupiga suruali ikanasa, mzee wa Kondoa ananicheka upande wa pili, na basi lilikuwa linakuja.